Pangaboi la Kushoto

Mikkeli, 19 Mei 1994

Mwanangu Saila,

Hujambo huko Oulu? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila goti, na goti nimeshaacha kulihesabu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kufokeana.

Bibi, ndege yetu kuukuu, yuko tayari. Alibeba askari vitani, ana miaka hamsini na moja, na Jumatatu tulimwasha akaunguruma vizuri. Bwana Ruohonen wa kiwanda cha rangi alikuja na kamera na wageni. Anasema ukimrusha tarehe 4 Juni, siku ya jeshi, kiwanda kitalipia safari za kiangazi kizima. Usipomrusha, chama chetu cha ndege hakina hela ya mafuta, na watu wa makumbusho wameshapima paa la kumtundikia.

Pangaboi la kushoto nililizungusha kwa mkono kabla ya kuwasha. Yakapita mapanga tisa, bila taabu. Kisha fundi mwenzangu Ossi akapika supu ya njegere, na wala haikuwa Alhamisi, siku ya supu hiyo kwetu! Watu walinuna.

Baba yako,
Taisto

Oulu, 23 Mei

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepona. Wewe lipeleke hilo goti kwa daktari.

Kuna neno limeninyima raha. Tangu nikiwa mtoto, habari ya pangaboi unaiandika “tisa” basi. Safari hii umeongeza “bila taabu”. Nani alikuuliza habari ya taabu?

Ulinifundisha mwenyewe: Bibi akilala siku nyingi bila kuruka, oili hujaa kwenye silinda za chini za injini. Pangaboi likigoma, toa plagi, oili imwagike. Usilirudishe nyuma kamwe, maana oili itajificha kwenye bomba la hewa, ukiwasha inyonywe tena, ipinde mkono wa pistoni. Leo injini inaunguruma, kesho inafia angani.

Baba, liligoma? Nitabeba watu ishirini na mmoja.

Mwanao,
Saila

Mikkeli, 26 Mei

Saila,

Sijambo. Ndege hii niliishikia spana kabla wewe hujaota meno, leo unanikagua maneno? Ossi naye ananiambia nikae ninywe kahawa. Nimeshasema bila taabu. Vaa koti ukija, kuna upepo.

Taisto

Bandani, 4 Juni, asubuhi

Saila,

Hukunijibu, na ni haki yako. Salamu leo sina. Barua hii naiacha juu ya kiti chako cha rubani, kwa kuwa kukutazama usoni siwezi.

Liligoma. Panga la tano. Kamera ilikuwa inanielekea, wageni wanatetemeka kwa baridi, Ossi akapaza sauti: “Mzee kaishiwa nguvu huyo, mpokeeni!” Watu wakacheka. Kutoa plagi ni kazi ya saa nzima. Nikalishika kwa mikono miwili nikalirudisha nyuma, halafu likapita.

Siku kumi na tisa nimenyamaza, mwanangu, kwa aibu tu. Usiruke.

Baba yako, kama bado unaniita hivyo

Oulu, 7 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimepiga simu mara nne, hupokei. Natumai unakula.

Barua ilikuwa imeteleza chini ya kiti. Niliiona nikiwa nimeshafunga mkanda, na huko nyuma mama mmoja anagawa peremende. Nikawashusha wote. Ruohonen alikuja chini ya dirisha: “Kepteni, nikiondoka hapa sirudi.” Nikamwambia, “Haya, safari njema.” Akaondoka kweli.

Jumapili Ossi alifungua silinda. Mkono wa pistoni umepinda. Alikaa sakafuni akasema, “Na mimi nilimcheka.”

Barua yako niliwasomea wanachama wote. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Upepo ungeisukuma ile karatasi kidogo tu, tungekuwa tumeanguka ziwani mimi na yule mama wa peremende. Ulinipenda wewe, lakini kwa siku kumi na tisa uliipenda sura yako zaidi. Hilo linaniuma kuliko injini.

Wameamua Bibi aende makumbusho. Wamekunyang’anya ufunguo wa banda, sikuwapinga. Lakini kabla ya kutundikwa lazima amwagwe oili yote, na kazi hiyo wamenipa mimi. Nimewaambia siifanyi bila wewe. Wamenung’unika, wakakubali.

Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Siahidi kuzungumza njiani. Lakini nakuja.

Mwanao,
Saila