Ndege wa Chuma Juu ya Kichwa Changu

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono, maana nimefika mahali ambapo mtu mzima kama mimi hawezi kumuuliza jirani wala mwenzake wa kazi, na nikimuuliza mke wangu nitakuwa nimejifunga kamba kwa mikono yangu, kwa hiyo nakuandikia wewe usiyeijua sura yangu, na jina langu lisitoke, andika tu Fundi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, huu mwaka wa ishirini na mbili, natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya bweni, na karakana yangu iko nyuma ya nyumba ninayoishi na mke wangu na watoto wetu watatu. Pia ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi katika shule wanayosoma, cheo ambacho sikukiomba lakini nilipokipata nilikivaa kikanikaa, nadhani umenielewa. Mwaka jana mwalimu mkuu alituletea habari ya ushirikiano na ukumbi wa sanaa wa hapa mjini, kwamba kila Alhamisi mchana watoto wa darasa la tano na la sita waende ukumbini wafundishwe kuchora, kuigiza, kupiga ngoma na kuunda wanasesere wakubwa wa jukwaani, ukumbi utoe walimu na vyumba, shule itoe huo mchana, na sisi wazazi tutoe ridhaa na watu wazima wawili wa kuwasindikiza. Tukakubali kujaribu mwaka mmoja, na mwaka ndio huu unakwisha. Fomu ya kuendelea, ambayo safari hii ingeingiza na shule tatu za jirani, inataka saini tatu, ya meneja wa ukumbi, ya mwalimu mkuu na yangu, kwa sababu kamati iliniachia mimi uamuzi. Mbili zipo. Yangu haipo, na fomu iko kwenye droo ya karakana chini ya pakiti za vijiti vya kuchomelea, na inatakiwa Ijumaa hii.

Haipo kwa sababu kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikasema sanaa ni ya watoto walioshiba, wa kwetu wanataka hesabu, na watu wakacheka wakapiga makofi, nikaketi nimejaa kifua. Na ili nisionekane msemaji tu nikaanza na nyumbani kwangu, nikamwambia binti yangu wa kati, ana miaka kumi na miwili, kwamba kuanzia sasa Alhamisi abaki shuleni na wachache wasiokwenda, afanye hesabu. Akasema, "Sawa, baba." Hakubisha hata kidogo, nami nikamsifia moyoni kwa utii wake.

Muda si mrefu mabaki ya chuma karakana yakaanza kupungua, vipande vya bati, spoki za baiskeli, bawaba ndogo nilizozing'oa kwenye makabati ya zamani, na mimi nikamshuku mzee anayepita na toroli kuokota vyuma chakavu, nikamwambia maneno ambayo sitaki kuyarudia, mbele ya watu, mzee wa watu akageuza toroli lake akaondoka.

Sasa Alhamisi iliyopita meneja wa ukumbi, ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana na kwake mimi ni fundi tu aliyeelekezwa, alinipigia simu kwamba kuna mhimili wa chuma umepasuka chini ya jukwaa, nije mchana kabla watoto hawajafika. Nikaingia kwa kimlango cha pembeni, nikatandika magunia yaliyolowa ili cheche zisishike mbao, nikachomelea, kazi ikaisha vizuri. Nilikuwa bado nimelala chali nasubiri chuma kipoe nigonge takataka za juu ya mshono, nikasikia miguu ya watoto inaingia, wamewahi, na katikati ya zile kelele nikasikia sauti ya binti yangu, na baada yake sauti nyingine inawaambia wapange viatu vizuri, na hiyo ilikuwa ya mke wangu, ambaye kila Alhamisi huniambia anakwenda kumwona dada yake. Kumbe mmoja wa wale watu wazima wawili wa kusindikiza ni huyu ninayelala naye kitanda kimoja.

Ningetoka wakati ule, Mshauri, nilikuwa na haki yote ya kutoka. Lakini juu yangu kulikuwa na upenyo baina ya mbao wa kama vidole viwili, nikatupa jicho, na sikuweza tena kuondoka.

Kulikuwa na ndege. Ananing'inia kwa kamba kutoka kwenye dari, upana wake kama geti la magari mawili, wote chuma, na chuma chenyewe nakijua. Nililiona bati la dirisha la zahanati, lile nililolikata kombo nikalitupa kwa hasira. Niliziona zile bawaba. Kila unyoya umeshikwa na wenzake kwa spoki, na mtoto mmoja alipovuta kamba, bawa likaanza kufunguka kutoka begani, unyoya wa kwanza ukaamsha wa pili, wa pili ukaamsha wa tatu, polepole mpaka kwenye ncha, na mwanga wa dirishani ukawa unapita kwenye matundu ya misumari na kuzunguka ukutani, na kile chuma kikawa kinatoa sauti ndogo ya kuvuta pumzi. Watoto zaidi ya sitini waliinua vichwa kulitazama. Miaka ishirini na mbili nimekata chuma, nimekikunja, nimekiunganisha, kimenichoma mikono yote miwili, na sikuwahi kujua kwamba kinaweza kupumua. Nilisahau nilipo. Nilisahau hata kwamba magunia yamenilowesha mgongo.

Halafu bawa la kushoto likakwama nusu. Mwalimu wao wa ukumbi akauliza, "Tulivute kwa nguvu?"

Binti yangu akasema, "Hapana, mwalimu, tusilivute. Baba anasema bawaba ikilia usiipige nyundo, tafuta inabanwa wapi."

Maneno hayo nayasema karakana mimi, nayasema peke yangu nikiwa na kazi, sikujua kuna anayesikia. Mwalimu akacheka. "Huyo baba yako fundi kweli. Jumamosi kwenye onyesho atakuja kutuona?"

Binti akaligeukia bawa. "Ana kazi nyingi, mwalimu. Lakini chuma chote ni chake."

Mshauri, nilishusha kofia ya kuchomelea usoni, na hakuna cheche hata moja, nikalia humo ndani mpaka kioo kikaingia ukungu. Wakafanya mazoezi yao, wakaimba wamesimama chini ya yule ndege, nami nikasikiliza kila mara bawa likifunguka, na niseme tu kwamba kwenye bega la kushoto badala ya pini wameweka msumari mtupu, hauna washa, kile kipete cha bati kinachokaa kati ya vyuma, nimesikia unavyosaga, sidhani utafika mwisho wa onyesho. Walipoondoka nikatoka kwa kimlango kile kile. Nyumbani mke wangu akanipakulia chakula, akaniambia dada yake ananisalimu, hakupepesa jicho, na binti akasema shikamoo baba, akaenda kufanya hesabu zake, ambazo nilipozikagua zote zilikuwa sahihi.

Onyesho ni Jumamosi, na wazazi wote wamealikwa, pamoja na wale walionipigia makofi. Je, nitie saini kimyakimya nipeleke fomu bila maelezo? Je, niwaulize hawa wawili kwa nini walinidanganya, au nijifanye sijui? Na nitasimamaje mbele ya watu niliowachekesha niwaambie nimebadilika, si wataniita kigeugeu? Silali vizuri. Nikifumba macho naliona lile bawa.

Fundi, mwenyekiti kwa sasa

*

Bwana Fundi,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, nikamsumbua mhariri mpaka akakubali itoke gazetini leo Jumatano, nikawaruka watu wengi waliotangulia, na wanisamehe. Umeandika kurasa tatu juu ya heshima yako na mstari mmoja juu ya msumari. Tutaanza na msumari.

Ukumbi wa sanaa hapa mjini ni mmoja, kwa hiyo nimeshampigia meneja. Nimemwambia yule ndege ashushwe sakafuni na asipandishwe tena mpaka fundi amkague bega. Akaniuliza, fundi gani? Nikamwambia atakuja mwenyewe. Usiniumbue.

Pole, nasema kwa dhati. Si jambo dogo mtu kulala chini ya mbao akasikia mtoto wake anamtetea, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza. Lakini siku sita umebeba habari ya chuma kilicholegea juu ya vichwa vya watoto sitini huku ukiwaza nani atakuita kigeugeu. Ingekuwa ni geti la mteja ungeamka usiku huo huo.

Kwa hiyo kesho Alhamisi, saa nane mchana, uwe pale. Ingia mlango wa mbele, ule wa watu. Beba bolti ya kufaa, washa na nati mbili, na spana yake, basi. Usibebe mashine. Mwendee binti yako umwambie, "Naomba unionyeshe bawaba zako." Usianze na pini. Akuonyeshe kwanza kila unyoya, umsikilize mpaka mwisho, hata pale atakapokueleza jambo ulilolijua kabla hajazaliwa. Ukifika bega la kushoto muulize anasikia nini likifunguka. Atakuambia, maana masikio ni yako yale. Halafu mpe ile bolti akaze yeye. Wewe shikilia bawa. Ninyi mafundi mna ugonjwa wa kuona kazi ya mtoto na kuifanya upya kwa mapenzi, na mtoto anabaki na ndege mzuri ambaye si wake. Ukishamaliza, pima zile kamba za darini, hilo ni lako.

Kuhusu kudanganywa, nyamaza. Ulifunga mlango, wao wakapitia dirishani, na mtengeneza milango na madirisha ni wewe. Mke wako mwambie tu Alhamisi zijazo akusalimie huyo dada yake, na kwamba hata wewe ungependa kumwona. Atacheka au atalia, vyote utavistahili. Binti hana adhabu. Hesabu umezikagua, zote sahihi, ulikuwa unatafuta nini tena?

Sasa lile neno lako, kwamba sanaa ni ya watoto walioshiba. Ulilisema vizuri, ndiyo maana limeharibu sana. Walioshiba hawahitaji saini yako. Wana walimu wanaowafuata nyumbani, wana vinanda sebuleni. Hata binti yako, ukimkataza, ana lundo la chuma nyuma ya nyumba na mama mwenye roho ngumu. Watoto wa zile shule tatu wana nini? Kwa wengine ule mchana wa Alhamisi ndio mlango pekee watakaofunguliwa, na ufunguo umeulalia wewe kwenye droo, chini ya vijiti. Huenda mmoja wao anaweza kufanya kitu cha kumlaza fundi mwingine chali asiweze kuinuka, na hatajua kamwe.

Saini usiweke kimyakimya. Ulichobomoa mbele ya watu kijenge mbele ya watu. Fomu ipeleke kesho mkononi kwa meneja, ujitambulishe kwa vyeo vyote viwili, uone uso wake. Na Jumamosi, kabla taa hazijazimwa, simama useme: nilikosea, nilikuwa sijaona, leo tazameni. Usiongeze kitu. Usichekeshe. Watakaokuita kigeugeu waache mpaka bawa lifunguke, kisha uwaulize tena.

Na kwa kuwa ukumbi una walimu na shule ina watoto, wewe unayo karakana. Omba jina lako liingie kwenye yale makubaliano, siku moja kila mwezi watoto waje wachague mabaki wakiwa wamevaa miwani ya kukinga macho, wewe ukiwa umesimama hapo. Hayo mabaki ulikuwa unayakanyaga tu.

Yule mzee wa toroli nenda kwake leo. Muombe radhi mahali pale pale ulipomtukana, wakiwepo watu, na umkaribishe onyesho akae mbele. Hiyo naijua ni ngumu kuliko ya mkutano, ndiyo maana nimekuwekea leo.

Nami nikuambie langu. Kile kipande cha bawa kufunguka nimekisoma mara nne. Mara ya nne nilimsomea mwenzangu wa dawati la michezo, ambaye hasomi kisicho na magoli, akauliza onyesho linaanza saa ngapi. Tutakuwa wawili, mstari wa nyuma. Ukituona usijisumbue kuja, utakuwa na watu wako.

Bwana Fundi, jambo la mwisho. Kesho utaitazama ile kazi ukiwa juu ya jukwaa, kwenye mwanga, na itakupiga tena kama ulivyopigwa ukiwa chini ya mbao, na binti yako atakuwa anakuangalia wewe, si ndege. Kwa hiyo ile kofia ya kuchomelea iache karakana.