Mchana kwa Bi Fadma

Jumatatu, 6 Januari

Germantown tena, na baridi hii ya Marekani. Ngazi zimeganda barafu, nimemwaga chumvi. Nimempima Bi Fadma presha, nimembadilisha nguo. Chakula hakugusa. Uso unazidi kusinyaa.

Aliyenileta hapa ni Mama Kev, Mkenya anayetupangia kazi za kutunza wazee majumbani, ofisini Lanham. Alisema, "Wewe ni Muslim, so Kiarabu unajua. Huyo mama ni wa Moroko, mta-connect tu." Kiarabu changu ni cha sala. Nikimaliza salamu nimeishiwa.

Jumatano, 8 Januari

Kumbe hata hicho kidogo hakina kazi. Mwanawe, Brahim, aliwahi kurudi kutoka kazini, nikamuuliza mbona mama hajibu Kiarabu. Akacheka bila raha. Akanieleza kuwa Moroko si Waarabu watupu. Kuna Waberber wengi, hasa milimani, na lugha yao Tamazight. Wapo wenye zote mbili, na Kifaransa juu. Mama yake hana nyingine zaidi ya ile ya milimani. Brahim alipelekwa mjini kusoma angali mdogo. Anaisikia nusunusu, kuisema hawezi. Mkewe ni wa mjini, haijui kabisa. Watoto ni Kiingereza tu.

Nyumba imejaa watu na bibi hana wa kuongea naye. Nilikasirika njia nzima. Halafu nikamkumbuka mama yangu Lushoto. Uzee umemsahaulisha Kiswahili chote, amebaki na Kishambaa. Binti yangu akishikishwa simu anasema "Hi, Bibi," basi. Hasira zikaisha, nikabaki na huzuni.

Ijumaa, 10 Januari

Bi Fadma amepungua uzito tena. Daktari kasema akiendelea hivi, apelekwe makao ya wazee. Brahim ameshaulizia nafasi Herndon. Wiki ijayo wanaamua. Huko atakufa kimya, sioni lingine.

Mchana alinisogezea sahani yake kama kawaida. Nikaweka mkono kifuani, nikakataa kwa adabu kama kawaida. Kanuni za kazi: chakula cha mgonjwa hatuli. Mkate wangu naula garini. Akageukia ukutani.

Jumapili, 12 Januari

Nimempigia mama simu Lushoto. Anasema kwake kuna mgeni kafika, amekataa chakula, anaona haya. Mama naye hajala. Atakulaje na mgeni kakaa mikono mitupu?

Nimekata simu nikakaa chini. Siku zote hizi mgeni nilikuwa mimi.

Jumatatu, 13 Januari

Nimekula. Nimetandika kitambaa sakafuni, sahani moja, kuskusi, chakula chao cha ngano, aliyoacha mkwe wake. Nikanawa, nikatanguliza tonge. Aliniangalia mpaka nikameza. Ndipo akala. Akawa ananisukumia vipande vya nyama upande wangu, kama mama. Akaanza kuongea, maneno mengi, sijui hata moja. Nikamjibu Kishambaa. Sijakiongea uso kwa uso na mtu mzima tangu nihamie Marekani. Tulicheka, kila mtu na lake.

Nilisahau kamera ya jikoni, ambayo Brahim hutuangalia nayo akiwa kazini.

Jumanne, 14 Januari

Mama Kev kapiga asubuhi. "Dada, umekula food ya client? Hiyo ni kufutwa, unajua." Nikamwambia nisipokula mimi, bibi naye hali. Kisha akasema Brahim hakushtaki, ametaka tu kujua nimefanyaje.

Nilimweleza Brahim mwenyewe. Akaegemea friji. "Nilikuwa najua," akasema. "Hiyo desturi ya mgeni nilikuwa naijua."

Alhamisi, 23 Januari

Brahim ameomba kufanyia kazi nyumbani. Mchana anakaa sakafuni na mama yake. Anatafuta neno, analipata bovu, bibi anamrekebisha huku machozi yanamtoka kwa kucheka. Mizani imepanda kidogo. Herndon haitajwi tena.

Waliniita nile. Nikala kidogo. Niliona wivu, na nikajionea aibu kwa huo wivu.

Ijumaa, 24 Januari

Brahim amenishukuru sana. Hawahitaji tena mtu wa mchana. Nimefurahi kwa moyo wote. Bi Fadma alinishika mashavu akasema jambo refu. Mwanawe alijaribu kutafsiri, akashindwa. Nimelia garini.

Jumatatu, 27 Januari

Mgonjwa mpya, hapahapa Lanham. Mzee wa Kimarekani, mpole, hana neno na mtu. Anakula vizuri, peke yake, mbele ya televisheni. Nimekaa kwenye kiti changu nikisubiri amalize, nioshe vyombo.

Nimetamani mtu aniambie kula, kwa lugha yoyote.