Sehemu ya Elfu Moja ya Sekunde

Leningrad, 10 Februari 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi tu ndiyo inanitaabisha. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na mahindi yanaendelea vizuri.

Uliniuliza nasomea nini hasa. Baba, tunapima mwendo wa dunia. Nilidhani inazunguka sawasawa kila siku, kumbe sivyo. Miezi hii pepo kubwa za juu huvuma kwa nguvu, na nguvu hiyo huipokonya dunia yenyewe. Basi dunia inapunguza mwendo, na siku inarefuka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Barafu ya ncha za dunia nayo ikiyeyuka, maji yake husambaa baharini hadi huko ikweta, dunia ikazidi kulemewa. Ni kama mtoto anayejizungusha uani: akibana mikono anakwenda kasi, akiinyoosha anapoa.

Msalimie sana Mama.

Mwanao,
Theodory

Mollo, 2 Juni 1974

Mwanangu Theodory,

Marahaba. Sisi tunamshukuru Mungu. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Darasa la watu wazima limenifaa, usicheke herufi zangu. Ile yako nilimsomea mama yako mara tatu. Akaniambia, "Mwulize, siku zikirefuka, si ndiyo anazidi kuchelewa kurudi?" Nikamwambia ni kidogo mno, hata kope haijapepesa. Akasema, "Kidogo kwako."

Kifua kinamsumbua tangu baridi ilipoanza. Na tumeambiwa tuhamie kijiji kipya kabla ya mvua. Nyumba tutaibomoa wenyewe, miti tukajengee huko.

Baba yako,
Kasimiri

Leningrad, 25 Agosti 1974

Baba,

Shikamoo, na poleni kwa shughuli za kuhama. Mama anaendeleaje? Mpeleke hospitali, usingoje. Mwalimu wangu anataka nibaki mwaka mmoja zaidi tumalize vipimo vya upepo. Nikikataa, kazi ya miaka mitatu itapotea. Lakini Mama akisema nirudi, narudi. Nijibu upesi.

Mwanao,
Theodory

Kijiji kipya, Mollo, 11 Novemba 1974

Mwanangu,

Marahaba. Tumeshahama. Upepo wa hapa hauna aibu. Kifua cha mama yako hakimsumbui tena. Barua yako nilimsomea, akasema umalize masomo. Basi maliza.

Baba yako,
Kasimiri

Leningrad, 3 Desemba 1975

Baba,

Shikamoo. Jana alifika mwanafunzi mgeni, Zenon, kwao Mazwi, jirani na kwetu. Nilipomtajia jina lako akanishika mkono: "Pole kwa msiba wa mama." Nikamwambia, "Msiba gani? Mama yangu ni mzima." Akatazama viatu vyake, kisha akanitajia mwezi aliozikwa.

Miezi kumi na minne, Baba! Hapa dunia ikichelewa hata sehemu ya elfu moja ya sekunde tunajua, tunaandika daftarini. Mama yangu amekufa mwaka mzima na zaidi, sina habari. Nimekuwa nikimtumia salamu. Nimemnunulia mtandio wa sufu. Salamu zangu ulikuwa unazipokea kwa uso gani?

Usiniandikie.

Theodory

Mollo, 20 Februari 1976

Mwanangu Theodory,

Marahaba, ingawa najua shikamoo yako ilikuwa nzito. Umenikataza kuandika. Nisamehe, nimeshindwa kutii.

Mama yako alifariki tarehe 29 Septemba mwaka juzi, wiki mbili baada ya kuhama. Nyumba ilikuwa haijakandikwa, upepo ukipita kila upande. Tulimbeba kwa machela, mimi na majirani, hatukufika hospitali. Njiani alinishika shati akasema, "Theo asiambiwe mpaka amalize. Niapie." Nikaapa.

Kiapo hicho kiliisha Julai mwaka jana, uliponiandikia kwamba vipimo vimekwisha na unangoja cheti. Nilishika kalamu, nikashindwa. Ukweli ni huu: watu wote hapa walikuwa wameshamzika. Wewe peke yako ulikuwa bado unamuulizia hali. Barua yako ikija, niliisoma kwa sauti mle ndani, peke yangu, na nikifika penye salamu za mama yako nilisoma polepole. Nilijua siku nitakayokuambia, hapana tena mtu duniani atakayeuliza Marsiana wangu ameamkaje. Kwa hiyo nilikuibia msiba wako, mwanangu. Kiapo kilikuwa kisingizio.

Leo nimeanza kupalilia ulezi. Una haki ya kukasirika. Basi hasira hizo ziandike, zote, uzitume. Nitazisoma mwenyewe, simpi mtu.

Baba yako,
Kasimiri