Mafundo Saba Makavu

Jumatano, baada ya Alasiri

Bibi,

Shikamoo. Leo nimekaa kukwambia yote, hata yale ninayoona haya kuyaandika. Nitakwenda polepole nisiruke kitu.

Kisima kimeingia chumvi. Ni kwa sababu yangu.

Siku ya pili baada ya hitima yako, watu wa kamati ya maji walikuja nyumbani wakanikabidhi kamba yako ya mafundo, jiwe lake na daftari. Walisema mwandiko wangu unasomeka, na kwamba nimekua nikikufuata kisimani. Nilifurahi, Bibi. Msiba bado mbichi, na mimi nilifurahi.

Kazi naijua. Kila alfajiri, kabla pampu haijawashwa, unateremsha kamba, unaivuta, unahesabu mafundo yaliyobaki makavu. Yakiwa saba, pampu inafanya kazi kutwa. Yakifika tisa, inazimwa saa nne asubuhi. Yakifika kumi na moja, kisima kinafungwa kipumzike. Ulinambia, "Maji matamu yamekalia maji ya bahari. Ukiyaondoa kwa pupa, ya chini yanapanda."

Wiki ya kwanza nilipima. Wiki ya pili nilichelewa shule mara mbili, mwalimu akanisimamisha mlangoni wenzangu wakipita. Siku iliyofuata niliandika "saba" jikoni, nikinywa chai. Hakuna aliyejua. Kesho yake nikaandika saba tena. Vuli haikunyesha, pampu ilivuta kutwa, na mimi niliandika saba mwezi mzima, kwa mwandiko mzuri, na tarehe nikazipigia mstari kwa rula.

Kisha asubuhi moja chai ikatushinda. Mzee Makame alitema yake barazani akasema, "Mke wangu, chai hii umeichotea pwani?" Watu walicheka. Siku ya tatu hawakucheka tena.

Kamati ilikutana chini ya tangi. Katibu akasoma daftari langu kwa sauti, saba, saba, saba, mpaka siku ile ya chumvi. Akasema, "Mtoto huyu kaandika vizuri, Mungu amrehemu bibi yake. Maji yalikuwa sawa mpaka juzi. Basi yupo aliyevuta mengi kwa mara moja." Na wote wakamgeukia Bi Asha, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mpira wa kumwagilia mchicha.

Bi Asha, Bibi. Aliyekuosha kwa mikono yake.

"Nnamwagilia ndoo sita, asubuhi na jioni," alisema. "Mchicha gani huo unywao kisima?"

"Wako," mama mmoja akamjibu. "Ndiyo maana umenona, na sisi tunakunywa chumvi."

Wakamkatia mpira. Nami nilisimama nyuma ya kina mama, nimeinamisha kichwa. Walidhani nakulilia wewe, wakanipapasa mgongo. Nikawaacha wanipapase.

Jioni ile nilikwenda na kamba. Mafundo makavu yalikuwa kumi na mbili. Nikayahesabu tena, nikitaraji nimekosea. Nilimwambia katibu kisima kifungwe, akakifunga siku hiyo hiyo, akanisifu. Sikumwambia jengine. Sasa tunachota maji kijiji cha pili, na Bi Asha anapofika kwenye foleni wanawake wanaacha kuzungumza. Matuta yake yamekauka. Sokoni haendi, hana cha kupeleka.

Jana nilikwenda kwake. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia yote kama ninavyokwambia wewe. Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza. Kisha akauliza, "Nilitukanwa wapi mimi?"

Nikasema, "Kwenye tangi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Basi hapa kwangu umekuja kufanya nini?" Akanipa ungo nimalizie, akaingia ndani. Nilipepeta mchele wote, Bibi, nikaufunika, nikaenda zangu. Hakutoka.

Kamati inakutana Ijumaa baada ya sala. Nakuahidi nitasimama pale pale palipo tangi, daftari mkononi, niseme siku zipi nilipima na zipi sikupima. Watanipokonya kamba, na ni haki yao. Lakini tangu kisima kifungwe nakwenda kupima kila alfajiri, kwa kweli. Leo mafundo makavu yalikuwa kumi na moja, na la kumi na moja lilikuwa na unyevu kidogo. Nikilionja lile jiwe la kamba likitoka majini, bado lina chumvi. Nadhani ni kidogo kuliko juzi.

Lala salama, Bibi. Nakuombea kila sala.

Ila kabla ya Ijumaa nataka unijibu jambo moja, hata ukinijia ndotoni tu, wala usinionee huruma. Miaka yote ile uliyoishika kamba, siku za mvua, siku za homa, siku aliyokufa babu, ipo hata asubuhi moja uliyoandika bila kupima?