Mstari wa Besi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Elihuruma,

Leo Daniel ameniletea wimbo wako, umechapwa kwa kompyuta. Huyu mwalimu wetu wa kwaya alitaka nifurahi. Jina lako kaliweka kwa herufi za kujikunja kama kadi ya send-off! Juu kuna C, F na G za mpiga kinanda, nyeusi, nene. Nikaangalia mistari ya sauti. Soprano. Alto. Tena. Basi!

Besi yako haipo. Maharage yameungua nikiitafuta. Jumapili ndiyo tunaweka msalaba kaburini kwako hapa nyumbani, wimbo utaimbwa. Na Jumamosi unaingia kwenye kitabu cha kwaya. Ukiingia hivyo, utabaki hivyo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemfuata Daniel shambani, anachuma kahawa. Hata ndoo sikumwacha aiweke chini. Eti, Mama Joyce, siku hizi kinanda kinabeba besi, na upande wa besi kabaki mzee Lemburis tu. Nikamuuliza, kwani Elihuruma alikuwa kinanda? Akacheka.

Amecheka! Nimeondoka bila kuaga. Sijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshuka Themi kwa Abdiel, mpiga kinanda. Yeye ndiye aliyechapa. Ameniamkia vizuri, akafungua kompyuta. Anasema mstari hakuufuta, umefichwa. Programu ikikuta mstari mtupu inauficha yenyewe. Akabonyeza – ukatokea chini ya tena. Mtupu mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini mtupu? Kwa sababu karatasi yako ya manila, ile ya do-re-mi ya ukutani, alipewa imekatwa chini. Na besi uliiandika chini.

Nikampigia Daniel palepale. Ni yeye! Alitaka kipande cha kuandikia tangazo la mnada wa mavuno. Mvua ikalilowesha, wakalitupa. "Samahani Mama Joyce, nilidhani pale chini hakuna kitu."

Hakuna kitu! Besi yako imetangaza ndizi na kuku, Elihuruma. Abdiel akanivutia kiti.

Nimempitia Lemburis. Naye kichwani hana. "Mama, mimi nilikuwa naufuata mdomo wa marehemu."

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu wako kwenye maonyesho. Abdiel kapanda huku na kompyuta yake. Nimeimba mimi. Kama ulivyokuwa unaimba ukikamua ng'ombe. Yeye anashusha sauti yangu chini, nota zinatokea mojamoja.

Tukaenda vizuri mpaka karibu na kiitikio cha mwisho. Nikakwama. Hapo kila siku ulikatisha: "Mama Joyce, chai!" Ukishainywa unaanzia kwenye kiitikio. Na kanisani mimi nilikuwa soprano, ya huko chini sikuyasikia. Miaka yote hiyo!

Abdiel akasema, naweza kujaza nota zinazoendana na ile C ya juu, mama, hakuna atakayejua.

Nikamwambia, mimi nitajua.

Jumamosi, 9 Agosti

Kitabu kimetoka. Mistari minne. Herufi za harusi nimezitoa, jina lako limeandikwa wima. Pale nilipokwama pamebaki patupu. Daniel analalamika, kwaya za wenzetu zitatucheka.

Wacheke. Yeye si alianza?

Jumapili, 10 Agosti

Ukungu umefika mlangoni. Nimevaa joho. Leo nasimama upande wa besi na Lemburis, mwanamke peke yangu. Daniel kapita kunisalimia, nimeitikia kwa adabu, lakini moyo bado unachemka. Mkasi ule! Angegeuza tu karatasi, angeandika nyuma.

Nikifika pale patupu sijui nitafanya nini. Kunyamaza siwezi. Huenda nikaitika tu: Naleta!

Chai yako nimeimimina. Bila sukari nyingi. Iko mezani.

Wananiita huko nje, kinanda kimeshaanza. Elihuruma, unikumbuke.