Mstari Mtupu kwenye Orodha ya Magari Yaliyotushinda

Mpendwa mshauri,

Kabla sijaomba msaada, naomba radhi. Miaka sita iliyopita, nilipostaafu, nilikuandikia kulalamika kwamba mke wangu hataki injini niliyokuwa nikiitengeneza ikae sebuleni, nawe ukanijibu kwa mistari miwili kwamba mke ana haki na injini itoke. Injini ilitoka, amani ikarudi, nami sikukuandikia hata neno moja la asante. Kimya hicho hakikuwa adabu, na mimi niliyewafundisha wengine adabu ya kazi kwa miaka thelathini nalijua hilo. Leo narudi kwako na jambo zito kuliko injini.

Mimi ni fundi wa magari. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mtahini mkuu wa umoja wa mafundi wa kanda yetu, yenye miji minne, umoja ambao kazi yake ilikuwa kuwafundisha mafundi na kuwapima, ili mwenye gari akikiona cheti chetu ukutani ajue kwamba mtu aliyelala chini ya gari lake anajua anachokifanya. Mtihani wetu ulikuwa hivi. Uani kulikuwa na gari kuukuu. Asubuhi nililitia ubovu mmoja, nikaandika jina la ubovu huo kwenye karatasi, nikaifunga ndani ya bahasha na kuiweka mezani mbele ya watu wote. Mtahiniwa aliliwasha gari, akasikiliza, akanusa, akagusa, lakini hakuruhusiwa kushika spana mpaka ataje ugonjwa, tena mara moja tu. Ndipo nilipofungua bahasha. Neno lake likilingana na la bahasha, amefaulu. Lisipolingana, arudi mwaka ujao. Mafundi waliniita Mzee Bahasha, wakidhani sijui, nami jina hilo nililipenda kuliko nililopewa na wazazi wangu.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuja kutahiniwa binti niliyemfundisha mwenyewe, fundi tuliyemwita Sikio, kwa sababu aligusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho, na alipoyafumbua alikuwa amekwisha kujua. Siku hiyo nilikuwa nimeharibu plagi moja, na injini ikawa inamisi, yaani inatetemeka na kuruka mapigo. Sikio akasikiliza, akazunguka gari, akasikiliza tena, akasema, "Gasketi ya manifoldi imepasuka, mwalimu. Injini inavuta hewa pembeni." Nikafungua bahasha nikasoma kwa sauti: plagi. Watu wakaguna. Akasema, "Ahsante, mwalimu," akaifuta bisibisi yake taratibu, akaondoka, na haukupita mwezi tukasikia kwamba amehama mji.

Kesho yake nilitia plagi nzima ili niliandae gari kwa mtahiniwa mwingine. Injini ikaendelea kumisi. Nikanyunyiza maji ya sabuni kwenye kiungo cha manifoldi, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye injini, na mngurumo ukatulia palepale, mshauri, ukatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Nilipoitoa gasketi, kile kizibo chembamba cha kiungo hicho, nikaukuta mpasuko mwembamba kama unywele, ambao sikuutia mimi wala sikujua kwamba upo. Gari lilikuwa na magonjwa mawili. Mimi nilijua ule nilioutia kwa mkono wangu, na yeye alisikia ule ambao hakuna aliyeutia. Ni kweli kwamba hata yeye plagi hakuitaja, na hilo nimejikumbusha mara nyingi mno.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba kanuni ni kanuni. Gasketi niliitia ndani ya bahasha ileile, na bahasha nikaifungia kwenye mtoto wa meza. Tangu siku hiyo sikuziamini tena bahasha zangu. Mtihani wa mwaka uliofuata niliuahirisha kwa kisingizio cha mvua, wa mwaka wa pili kwa kisingizio cha gari, wa mwaka wa tatu bila kisingizio, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeuliza, na umoja ukafa kifo cha taa iliyokwisha mafuta. Ukiwauliza mafundi leo watakwambia kwamba uliuawa na magari mapya yenye kompyuta. Mimi ndiye nijuaye uliuawa na nini.

Mwaka huu Sikio amerudi, na sijui nikusimulie vipi alivyorudi bila kuonekana kwamba natia chumvi. Amefungua gereji ambayo sakafu yake unaweza kuilalia ukiwa na kanzu nyeupe. Kila Alhamisi huifunga saa nane mchana, akapanda pikipiki yake na kwenda katika gereji za miji yetu minne, na kila fundi amkutaye, awe mkongwe au wa juzi, humwuliza swali moja tu: "Mwaka huu ni gari gani lililokushinda?" Unajua mafundi walivyo. Fundi atakwambia mshahara wake, atakwambia hata ugomvi wake na mkewe, lakini gari lililomshinda hakutajii. Yeye huanza kwa kufungua daftari na kuwaonyesha la kwake: pikapu moja iliyomtesa wiki tatu, kumbe ni waya wa ardhi ulioshika kutu. Wanacheka, na wakishacheka wanasema. Amekusanya magari tisini na manne yaliyowashinda mafundi sitini na watatu, na kutokana na orodha hiyo ameandika mafunzo ya mwaka mzima, somo kwa somo. Sisi wakati wetu tulifundisha tulichokijua. Yeye anafundisha wasichokijua. Jambo hilo dogo halikunipitia akilini kwa miaka kumi na tisa.

Katika mkutano wa kwanza wa kuufufua umoja kijana mmoja alisema, "Dada, mafunzo ya nini? Siku hizi unachomeka mashine, gari linasema lenyewe linaumwa nini." Sikio akamjibu, "Mashine inakuonyesha mlango wa kugonga. Aliyemo ndani haikwambii. Wangapi hapa mmeambiwa sensa ya injini ni mbovu, mkabadilisha sensa, na gari likarudi kesho?" Mikono ikapanda, na wa yule kijana ukapanda wa mwisho, nusu nusu, watu wakaangua kicheko. Halafu Sikio akanigeukia na kusema mbele ya wote, "Mimi nilianguka mtihani wa mzee huyu. Aliniangusha kwa haki. Nisingeanguka siku ile nisingejifunza." Wakanipigia makofi, mshauri. Nikainuka na kuyapokea.

Fundi umeme wa mji wa pili, tunayemwita Chaji, akapaza sauti, "Kama Bahasha ndiye mtahini, sisi wazee tumo! Huyo hajawahi kukosea." Na hapo ndipo penye mwiba. Wazee hawaji bila jina langu, vijana hawaji bila yeye, na pasipo wote hao hakuna umoja.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kukuomba ushike bahasha tena."

"Bahasha zilikwisha zamani."

"Tutanunua nyingine. Wewe njoo na mkono wako tu."

Alikunywa chai, akamtania mke wangu kwamba mlango wa jikoni unalia kama breki zilizokwisha, akautia mafuta mwenyewe. Alipokuwa anaondoka akafungua lile daftari. "Na wewe, mwalimu? Gari gani lilikushinda?" Nikasema, "Hakuna." Akanitazama kidogo, akasema, "Basi naacha mstari wazi kwenye jina lako. Ukikumbuka utanijazia."

Mke wangu alisubiri pikipiki ipotelee kwenye kona. "Mume wangu," akasema, "picha za harusi yetu zimeliwa na mchwa stoo na hukujali, lakini gasketi mbovu umeifungia kwa ufunguo miaka kumi na mmoja. Mimi siulizi. Mwulize yule mshauri aliyeitoa injini sebuleni."

Naomba msaada wako. Ufunguzi wa umoja mpya ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikisema, naogopa wazee watarudi makwao na umoja utakufa mara ya pili mikononi mwa yule aliyeufufua. Nikinyamaza, nitakaa kwenye meza ile nikiwapima wenye haki ya kunipima. Nimefikiria pia kukataa kwa kusingizia magoti. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitakaa miaka sita.

Wako,
Mtahini

*

Mzee wangu,

Nafurahi injini ilitoka. Radhi umepewa. Sasa kaa vizuri, kwa sababu sitakubembeleza.

Magoti yako yaache yapumzike, hayana kosa. Ukikataa kwa kuyasingizia utakuwa umemdanganya binti huyo mara ya tatu. Mara ya kwanza ulinyamaza, mara ya pili ulipokea makofi. Hesabu ya "Hakuna" nimekusamehe, kwa kuwa naona kwamba neno hilo limekuuma hata kabla hujashika kalamu kuniandikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakusifu kwa jambo moja: umemweleza mwanafunzi wako kwa heshima ambayo wazee wengi huwanyima vijana wao. Hukumwonea kijicho. Hukusema "tulimlea sisi." Umekiri kwamba ameona usichokiona kwa miaka kumi na tisa. Mtu anayeweza kuandika hivyo hajaharibika. Lakini basi, mzee, ulimwonaje vizuri namna hiyo ukashindwa kuona anachokifanya mbele ya macho yako? Mtu huyu ameujenga umoja wenu upya juu ya magari yaliyowashinda mafundi. Sitini na watatu wamekubali kuaibika kidogo ili wajifunze. Wewe peke yako ndiye unayetaka kuingia humo ukiwa hujashindwa na kitu. Katika umoja wa namna hiyo asiyekosea hana kazi.

Unaogopa kwamba wazee wataondoka. Chaji na wenzake walikuheshimu kwa nini? Kwa sababu ulisoma kilichoandikwa bila kumpendelea mtu. Wasomee basi na hili. Atakayeondoka kwa kusikia kwamba mtahini alikosea na akasema, huyo hakuja kwa ajili ya mafunzo, alikuja kukaa kiti cha mbele.

Fanya hivi. Usingoje ufunguzi, na usiende kuungama mkutanini kwanza. Hiyo itakuwa hotuba yako, na yeye atalazimika kutabasamu mbele ya watu. Nenda gerejini kwake mchana, siku ya kazi. Chukua bahasha na gasketi iliyomo ndani. Mkute anafanya kazi, msubiri amalize, anawe mikono. Kisha mpe mkononi na useme: ulisikia sawa, nilijua kesho yake, nikanyamaza. Ukishasema hayo, funga mdomo. Usimweleze kanuni; anazijua. Na usithubutu, mzee wangu, kuongeza kwamba hata yeye plagi hakuitaja. Najua ulimi wako unalitamani neno hilo. Limeze.

Akikasirika, ana haki. Kaa usikilize, umezoea kusikiliza vitu vinavyonguruma. Akicheka, usijipongeze. Jambo litangazwe au lisitangazwe, aamue yeye, kwa maana yeye ndiye aliyeangushwa mbele ya watu. Akitaka litangazwe, utasimama siku ya ufunguzi na kulisema kwa maneno yaleyale machache. Cheti chake mwandikie kwa mkono wako, kwa tarehe ya siku ile aliyotahiniwa, wala si ya leo.

Halafu shika bahasha, kama alivyokuomba. Ila geuza kanuni moja: neno la mtahiniwa likitofautiana na bahasha, injini ifunguliwe kwanza mbele ya wote, ndipo bahasha isomwe. Hakimu awe gari. Bahasha iwe karani. Ungekuwa na kanuni hiyo miaka kumi na mmoja iliyopita, mimi na wewe tungekuwa tunaandikiana kuhusu sebule tu.

Na kabla hujaondoka gerejini mwombe lile daftari. Usimtajie ili aandike yeye. Shika kalamu mwenyewe, tafuta jina lako, jaza.

La mwisho. Ulisema utaniandikia ukishaamua. Uamuzi umekwisha kuupata. Wewe niandikie ukishajaza. Jibu hili nakutumia kwa posta, na nimemwagiza mhariri asiichape barua yako wala hili langu mpaka nipokee neno lako. Wasomaji watakaoyakuta haya gazetini wajue kwamba mstari ule si mtupu tena.