Sindano ya Mgongo Uliyoifuata Zizini

Baba,

Leo nimekukasirikia tena. Huu ni mwaka wa tatu uko kaburini na bado unanichokoza, kwa hiyo nimeona afadhali nikuandikie. Nikisema peke yangu kwenye chumba cha dawa, wenzangu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Unaukumbuka ule mgongo wako. Maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka pajani mpaka kisigino, nawe ukaufanya uwe mgongo wa familia nzima. Mama alihamia kwenye mkeka ili ujinyooshe kitandani. Wajukuu wakakatazwa kukimbia ndani. Na mimi, kwa kuwa ni muuguzi, kila niliporudi nyumbani Ngezi kutoka kazini nilikukuta umekaa mlangoni na chupa ndogo ya dawa uliyoinunua sokoni, unanisubiri nikuchome.

Nilikueleza mara ngapi? Sindano ya mkono nilikuwa na ruhusa nayo, ya paja pia. Ile ya mgongoni, inayoingia karibu na uti, alikuwa akiipiga daktari mmoja tu aliyefika Bunia mara moja kwa mwezi, na hata yeye alipapasa mifupa kwa muda mrefu kabla ya kuishika sindano. Nilikuandikisha kwake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Ukanitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

"Unapiga batu yote ya Bunia sindano," uliniambia. "Baba yako tu ndiye hapana?"

Nikajibu kwamba sikufundishwa hiyo. Ukasema mkono ni mkono. Ukaniletea habari za Petro, rafiki yako wa chanjo za ng'ombe, ambaye kwa maneno yako hakunizidi masomo na hajawahi kuua hata ndama. Uliendelea kumwita Petro hata majina ya Kizungu yalipokatazwa. Amri ya nchi nzima ilikushinda kusikia, sembuse yangu. Jioni yote ikawa Petro hivi, Petro vile. Nilikuwa nimesimama wodini tangu asubuhi, miguu inawaka moto, nikakutolea maneno ambayo mtoto hamtolei baba yake.

"Basi enda kwa Petro. Akupange na ngombe zako, akuchome."

Mama alinikemea. Wewe ukaitia chupa yako mfukoni, na mimi nikashukuru kupata utulivu.

Kesho yake ukaenda kweli. Ulinisimulia mwenyewe, kwa majivuno, jinsi ulivyoinama ukashika miti miwili ya mlango wa zizi. Petro alichemsha sindano kwenye kopo, akakupangusa vizuri, halafu akakugonga ngumi mbili kiunoni kama anavyowafanya ng'ombe ili wasishtuke, na ya tatu ikawa sindano. Ulicheka ukinisimulia. Sikucheka. Nilikuomba uinue unyayo wa kushoto, ukasema umelala tu, utaamka.

Haukuamka. Kandambili ya kushoto ikawa inakutoka kila hatua kumi, ukaifunga kwa kamba ya mkonge, ukasema ni mtindo mpya. Nilitaka kukupiga, Baba. Nilitaka kukubeba pia. Nilikasirika nikashindwa nianze na lipi.

Halafu ukaja ule mkutano. Daktari mkuu aliwaita wote wenye kushika sindano: wauguzi, wakunga, wauza dawa, hata watu wa mifugo. Alitaka iandikwe kwenye karatasi nani anaruhusiwa kumchoma mtu mgongoni kwa ajili ya maumivu na nani asithubutu. Wauza dawa walibisha sana. Walisema hakuna aliyeumia, na kwamba tunataka kuwanyang'anya wagonjwa. Mimi nikasimama nikasema yupo aliyeumia, ni baba yangu, yuko nje. Ukaitwa, tukausikia mguu wako ukiburutika sakafuni kabla hatujauona uso wako.

Daktari akakuuliza kwa upole nani alikuchoma. Petro alikuwa ameketi safu ya pili, kofia mapajani. Ulimtazama, ukanitazama mimi, ukasema:

"Hakuna mutu. Ngombe ilinipiga teke."

Watu wakacheka. Nilikaa chini na fedheha yangu. Karatasi ile ikarudi kwenye mtoto wa meza na haikutiwa sahihi kwa miaka miwili. Katika miaka hiyo mama mmoja wa mtaa wa Lumumba, muuza mihogo, alichomwa mgongoni na mtu ambaye kazi yake hospitalini ilikuwa kufua mashuka. Hasimami tena. Nilipokuambia, nilikuambia kwa ukali, ili ikuume. Kuanzia wiki ile ukawa unampelekea maziwa, na mimi nikazidi kuudhika kwamba maziwa umeyaona na ukweli hukuuona.

Siku hizi karatasi imebandikwa mlangoni. Ina majina mawili, na langu halimo, kwa sababu bado sijafundishwa. Mwezi uliopita, nadhani unajua nani alikuja ameshika kiuno. Petro amezeeka. Akaniomba nimsaidie mimi, kwa ajili ya urafiki wenu. Nikamwonyesha mlango uliobandikwa karatasi, nikamwambia asubiri daktari. Akasubiri. Wiki nne, Baba, bila kelele, mtu yule yule. Wewe tatu zilikushinda.

Leo, akiwa kwenye benchi anangoja kuitwa, hasira zikanizidi. Nikamuuliza aliwezaje kukuchoma wewe, mtu mwenye mtoto anayefanya kazi hospitalini. Akashangaa.

"Miye nilikatala," akasema. "Baba yako akasema weye ndiye ulimutuma. Mutoto yangu munganga ameitika, alisema vile. Ningefanya nini?"

Nikamuuliza basi kwa nini ulisema uongo mkutanoni. Akaizungusha kofia yake.

"Kama angetaja jina yangu, miye ningetaja yako. Alijua. Wangekufukuza kazi."

Wakamwita, akaingia kwa daktari. Mimi nikabaki nimeshika daftari la majina, siwezi kusoma linalofuata.

Kwa nini hukuniambia? Ulikaa miaka yote ile ukivumilia ulimi wangu, kamba ya mkonge mguuni, kicheko cha ule ukumbi, nami nikikuita mwongo mezani pako. Ungesema mara moja tu, "Ni weye ulinituma." Ningekana, ningelia, kisha tungekula. Na pengine yule mama wa Lumumba angekuwa anatembea. Hilo sikusamehe, wala sijisamehe mimi.

Kesho nitampelekea yule mama maziwa. Safari hii nitaanza kwa kumwambia ukweli, kwa niaba yetu wawili.

Lala, Baba, na unyooshe mguu.

Binti yako, aliyekutuma.